Fomu Iliyowekewa Kikombe

Wa kwanza kuniambia alikuwa mke wa fundi cherehani, alipokuja alfajiri kuazima sufuria. "Binti yangu amepata nafasi ya udaktari," alisema, "na mkopo wa masomo amepata. Ila fomu inataka mdhamini asiye mzazi, na kesho saa sita mchana ndiyo mwisho. Baba yake hajui kuomba." Huyo baba hukaa kila asubuhi kwenye benchi la pale kona, mbele ya jiko langu la kahawa, pamoja na wenzake watatu: Kinyozi, Mzee Mita, aliyestaafu kazi ya kusoma mita za umeme, na Hakimu, ambaye alifagia mahakama miaka tisa akatoka na jina. Siku hiyo fundi aliiweka fomu katikati ya benchi, akaikandamiza kwa kikombe isipeperuke, akawaeleza kwa maneno machache. Mimi, mwanangu mgongoni, nilimimina kahawa bila kusema neno, maana mbele ya wale wanaume ulimi hunigomea.

— Mdhamini? alisema Hakimu. Kwani binti kakamatwa?

— Kakamatwa wapi? Kafaulu! alisema fundi.

— Dhamana naijua mimi. Mtu akiwekewa dhamana, ujue kuna kosa.

— Kosa lake alama nyingi, alisema Kinyozi. Wanangu mimi hawawezi kushitakiwa kwa hilo.

— Usicheke. Mshitakiwa akitoroka, anayeshikwa ni mdhamini. Sasa haya masomo ni miaka mitano. Binti akiyatoroka?

— Mdhamini anakwenda kuyamalizia, alisema Mzee Mita.

— Kumalizia nini?

— Udaktari! Si jina lako liko kwenye fomu? Unavaa koti jeupe, unapasua watu.

— Na macho yangu haya, hata sindano siioni? alisema Hakimu.

— Basi utapasua walio karibu.

Fundi alicheka kidogo, akakisogeza kikombe kuelekea kwa Hakimu, na fomu nayo ikasogea.

— Koti nitamshonea mwenyewe, alisema. Ada italipwa na mkopo. Kinachoninyima usingizi ni chumba. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu mbele, na pesa ya kujikimu haitoki mpaka masomo yawe yameanza mwezi mzima.

— Asipange chumba, alisema Kinyozi. Hospitali ina vitanda chungu nzima.

— Vina wagonjwa.

— Kuna chumba kingine kule nyuma, cha baridi. Wale hawagombei shuka.

— Binti yangu akalale mochwari?

— Mwezi mmoja tu! Na bili ya umeme haimfikii.

— Mita ya mochwari nimeisoma mimi, alisema Mzee Mita kwa uchungu. Inakimbia kuliko ya mashine ya kusaga. Baridi ni ghali, jamani.

Kinyozi aliinama, akachungulia maandishi pembeni mwa kikombe.

— Hapa wameandika "kipindi cha neema, mwaka mmoja baada ya kuhitimu". Neema! Maana yake deni limesamehewa.

— Linasamehewa mwaka mmoja, kisha linakumbukwa, alisema Hakimu.

— Mimi nasikia hawataki pesa kabisa, alisema Mzee Mita. Wanamsubiri awe daktari, halafu wanakuja kutibiwa bure, wao na wajomba zao.

— Na mdhamini?

— Anawashikia foleni.

Nilikuja kumwongezea fundi kahawa. Nilipokiinua kile kikombe, upepo ukaigeuza fomu. Nyuma kulikuwa na maandishi, na mimi siwezi kupita maandishi bila kuyasoma. Yalisema mdhamini awe mtu mzima mwenye kazi; mkopaji akihama, mdhamini aeleze aliko; na mkopaji asipolipa baada ya kuajiriwa, mdhamini ndiye atakayeulizwa kwanza. Basi. Hapakuwa na jela wala kupasua mtu. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amegeuza ukurasa.

Nilitaka kuwaambia. Nikafungua mdomo, nikasema, "Kahawa inakwisha."

Hapo binti mwenyewe akatokea, kalamu mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, daktari wetu! walijibu kwa pamoja.

— Baba, nimefuata fomu. Amesaini nani?

Kinyozi alikumbuka kwamba ana mteja. Mzee Mita alikazia macho ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna tarakimu humo. Hakimu alikohoa, akasema mambo ya sheria yanataka muda. Fundi aliikunja fomu mara nne, polepole, kama kitambaa kilichokatwa vibaya.

— Yupo, mwanangu, alisema. Kesho atasaini.

Nilitikisa birika. Kahawa ilikuwa imekwisha kweli.

Asubuhi iliyofuata sikuwasha jiko. Nilimfunga mwanangu mgongoni, nikaenda kupiga hodi kwa fundi. Fomu alikuwa ameipiga pasi, mikunjo haionekani. Niliomba kalamu bila kueleza zaidi, nikajaza kwa herufi kubwa kama ilivyotakiwa. Penye kazi niliandika MUUZA KAHAWA. Penye uhusiano na mkopaji nilifikiri kidogo, nikaandika JIRANI. Binti aliniuliza kama nimesoma na nyuma. "Nimesoma," nilisema, nikatia sahihi.

Kijiweni kahawa ilichelewa saa nzima. Watatu walilalamika sana.