Historia ya Marehemu Hisham bin Amour na Kilima cha Mpopooni

Bismillahir Rahmanir Rahim. Masheikh wetu, wazee wetu, akina mama mlioko ndani, majirani wa Kiponda na nyote mliotoka mbali mkaacha shughuli zenu asubuhi ya leo, Alkhamisi tarehe 16 Januari 2025, Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi ni Abdulrazak bin Amour, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu, kazi ambayo ningeifanya kwa utulivu zaidi kama marehemu mwenyewe angekuwa mtu wa kueleweka.

Marehemu Hisham bin Amour bin Masoud alizaliwa tarehe 30 Juni 1961 katika nyumba hii hii, chumba cha juu kinachotazama uchochoro, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Amour bin Masoud na Bi Rawiya binti Kheir, na mimi nikamfuata baada ya miaka minne, nikakuta kila kitu ndani ya nyumba kimeshapangiwa utaratibu na yeye, mpaka upande wa kuwekea viatu.

Alisoma chuoni kwa mwalimu wetu wa mtaani na akahitimu Kurani mwaka 1971, akaanza skuli ya msingi mwaka 1969 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1980, hapa hapa mjini, kisha akajifunza ufundi wa magari hadi mwaka 1983, na walimu wake wote walimsifu kwa nidhamu, ingawa mmoja wao aliwahi kumwambia baba yetu kwamba mtoto huyu anamsahihisha mwalimu mbele ya wenzake, jambo ambalo baba alilichukua kama sifa.

Tarehe 1 Machi 1984 marehemu aliajiriwa kazi ya kuwatahini madereva wanaoomba leseni, akaifanya kwa miaka thelathini na saba, na hapa sina haja ya kueleza sana, kwa sababu nikitazama baraza hii naona zaidi ya nusu ya waliokaa waliwahi kufelishwa naye. Mimi alinifelisha mara mbili, mara ya pili kwa kosa la kutotazama kioo cha pembeni katika barabara isiyokuwa na mtu wala mbuzi, na usiku wake akaja kula kwangu kama kwamba hakuna lililotokea. Hakupokea zawadi ya mtu, hakusikiliza salamu za wakubwa, na yeye mwenyewe aliendesha polepole kiasi kwamba wenye baiskeli walikuwa wakimpita wakimwombea dua.

Tarehe 17 Aprili 1992, siku ya Ijumaa, marehemu alimuoa Bi Lamya binti Muhannad wa Malindi, na Mwenyezi Mungu akawajaalia watoto wawili, Nasima aliyezaliwa mwaka 1993, ambaye sasa anakaa Michenzani na mumewe, na Kheir aliyezaliwa mwaka 1997, ambaye yuko Muscat kikazi na ameshindwa kuwahi maziko, tumuombee subira. Katika ndoa ya miaka thelathini na miwili shemeji yangu Lamya hakuwahi kuondoka na hasira nyumbani kwake hata mara moja, mpaka marehemu alipostaafu tarehe 30 Juni 2021, akakaa mwaka mmoja bila ya mtu wa kumfelisha, kisha akanunua gari la mashindano.

Nasema gari la mashindano kwa heshima ya maiti. Kilikuwa kigari cheupe cha milango miwili, kikuukuu, alichokinunua baada ya kusikia kwamba klabu moja ya hapa Unguja imeanzisha mbio za kupanda kilima cha Mpopooni, mbio ambazo kila gari hupanda peke yake, kuanzia chini penye kisima mpaka juu penye minara, na mshindi ni yule aliyetumia muda mdogo zaidi. Nilimuuliza mtu wa miaka sitini na moja, aliyekuwa akiwafelisha watu kwa mwendo kasi, anatafuta nini huko, akanijibu, "Nimekaa miaka yote kwenye kiti cha abiria, Abdul, nnataka nijue upande wa pili kukoje." Mimi nikaona ni homa ya kustaafu na itapoa, na ndivyo nilivyomwambia Bi Lamya, na hajalisahau.

Bi Lamya alilia, akakasirika, akaacha kumpikia boko boko kwa mwezi mzima, na mwisho wakakubaliana mbele yangu kwamba atampa mara nne, mara nne tu, na zikishakwisha, awe amefika juu ya kilima na jina lake likatoka kwenye matokeo au hakufika, gari litauzwa na jambo hilo halitatajwa tena. Marehemu akapeana naye mkono, na sote tulijua kwamba akiahidi ameahidi.

Mara ya kwanza ilikuwa Jumapili ya tarehe 9 Oktoba 2022, na hakuondoka hata penye kisima, kwa sababu katika ukaguzi wa magari walikuta betri imefungwa kwa kamba ya usumba, na ndani ya buti mna chupa ya kahawa, msala wa kusalia na mfuko wa halua, na kanuni inasema gari liwe tupu na kila kitu kifungwe kwa chuma. Mtu aliyewakagulia wenzake magari karibu miaka arubaini alifelishwa betri, na aliyemfelisha ni Bi Bahiya, katibu wa klabu na mshika saa wao, ambaye marehemu mwenyewe alimfelisha leseni mara mbili mwaka 2009 kwa kosa la kutosimama. Nilitarajia atagomba. Alimshukuru, akamwambia amefanya kazi nzuri, na njia nzima ya kurudi mjini akanisimulia uzuri wa ule ukaguzi, hata nikatamani kushuka nitembee.

Mara ya pili, tarehe 12 Februari 2023, gari lilikuwa limefungwa kila kitu kwa chuma, kofia ngumu anayo, ovaroli nyekundu anayo, taa ya kijani ikawaka, na marehemu akatazama kioo cha kulia, akatazama kioo cha kushoto, akageuza shingo, akawasha indiketa, kisha ndio akaondoka, na akaondoka na breki ya mkono imevutwa. Alikwenda kiasi cha urefu wa uwanja wa mpira, moshi ukatoka nyuma, gari likakaa.

Mara ya tatu, tarehe 10 Septemba 2023, aliiingia kona ya pili vizuri, watu wakapiga makofi, nami nikajisahau nikapiga kelele, na katika kona ya tatu gari likazunguka, likaingia shamba la muhogo kinyumenyume na kusimama katikati yake. Mwenye shamba alikuwa Bi Mize binti Pandu, bibi wa makamo ya mama yetu, aliyetoka na kanga kichwani, akalitazama gari, akamtazama marehemu, akamwambia, "Barabara iko kule, mwanangu." Marehemu akamwamkia shikamoo, akavua kofia, na badala ya kurudi kwa wenzake akashinda mle shambani mpaka Magharibi akipanda upya mashina aliyoyang'oa, na mimi nikiwa na viatu vya kusalia Idi nikachimba naye. Tangu hapo kila Ijumaa baada ya sala alikuwa akienda Mpopooni kutazama muhogo umeshika vipi, anarudi na habari za majani, na kama mtu ana mgonjwa nyumbani au ana shughuli zake, lazima azisikilize.

Ikabaki mara moja. Kwa mwaka mzima alijitayarisha, alikipanda kilima kwa miguu akiweka alama za kona kichwani, alizoea kuitoa breki ya mkono mpaka alikuwa akiitoa hata akikaa kwenye sofa, na vijana wa klabu, ambao mwanzoni walimcheka, walianza kusema kwamba babu akifika juu safari hii hatokuwa wa mwisho. Nataka mjue kwamba alilitaka jambo hili kuliko nilivyowahi kumuona akitaka kitu chochote, na wiki ile ya mwisho alikuwa hali vizuri wala halali vizuri, na Bi Lamya mwenyewe, aliyekuwa hataki hata kulisikia gari likitajwa, ndiye aliyempigia pasi ile ovaroli.

Jumapili ya tarehe 4 Agosti 2024 marehemu alipangwa wa mwisho. Mimi nilikuwa juu penye minara, karibu na Bi Bahiya na saa yake, nikamsikia akiondoka, na sauti ya gari ilikuwa nzuri, kona ya kwanza, kona ya pili, kona ya tatu akapita bila ya kugusa muhogo wa mtu, na Bi Bahiya akaitazama saa, akanitazama mimi, akasema, "Babu anakuja." Kisha sauti ikakatika.

Niliteremka kilima kile mbio nikiwa na miaka hamsini na tisa na goti bovu, nikijua nakwenda kuokota maiti ya kaka yangu, na katika kona ya nne nikalikuta gari limekaa pembeni, limenyooka, taa za tahadhari zinawaka, kofia ngumu imewekwa juu ya kiti na mkanda umekunjwa, na marehemu hayumo. Breki ya mkono ilikuwa imevutwa. Sijawahi kumkasirikia mtu namna ile, na Mwenyezi Mungu anisamehe kwa maneno niliyoyasema kuliambia gari.

Mambo yalikuwa hivi. Kulikuwa na msiba Mpopooni asubuhi ile, na watu walipofika na jeneza penye barabara, kijana wa klabu aliyeshika bendera aliwazuia kwa adabu, akawaambia, "Subirini kidogo tu wazee, limebaki gari moja," na wale watu, kwa ustaarabu wao, wakasimama na maiti yao begani kusubiri gari lipite. Gari lililobaki lilikuwa la kaka yangu. Alipotokeza kwenye kona akaliona jeneza limesimamishwa, akapunguza mwendo, akawasha indiketa ya kushoto, akasimama, akashuka, akatia bega. Alikuwa ameshalibeba alipouliza ni nani, na Pandu, mmoja wa wafiwa, akamwambia ni mama yake, Bi Mize wa shamba la muhogo.

Nilipowafikia njiani niliiona ovaroli nyekundu katikati ya kanzu nyeupe, nikasogea nimvute mkono, na kabla sijafungua mdomo mtu mmoja akanipisha nafasi, nikatia bega, na nikabeba kwa hasira mpaka makaburini. Tukazika, tukaomba dua, yeye akasubiri mpaka wa mwisho ameondoka, na ufunguo wa gari ulikuwa mfukoni mwake, kwa hivyo watu wa klabu hawakuweza kulisogeza wala kumaliza shughuli yao, na walipomaliza kulalamika wakakaa chini.

Baada ya hapo alirudi kwenye gari, akafunga mkanda, akavaa kofia, akapanda mpaka juu, na Bi Bahiya alikuwa amesimama pale pale na saa inaendelea, kwa sababu kanuni inasema haizimwi mpaka dereva afike au ajitoe mwenyewe. Saa moja na dakika hamsini na mbili. Bi Bahiya akamwambia kwamba kanuni hiyo hiyo inampa haki ya kurudia, kwa kuwa dereva aliyezuiliwa njiani hurudishwa chini akaanza upya, na jua lilikuwa bado lipo, na gari zima, na vijana wote wakapiga makofi wakitaka arudie, na mimi nilimshika kaka yangu mabega nikamwomba, tena nilimwomba kwa jina la mama. Akasema, "Mimi sikuzuiliwa na kitu, Bi Bahiya. Mimi ndiye niliyekuwa nnawazuia wenye maiti yao. Andika ulichokiona."

Ikaandikwa. Akawa wa mwisho kwa tofauti ambayo klabu ile haijapata kuiona, na wiki iliyofuata akaliuza gari kama alivyoahidi, na mimi sikusema naye siku tisa. Hata leo nikifikiria dakika mbili alizokuwa akizihitaji, dakika mbili tu za kufurahi, natamani nimwamshe nigombane naye.

Mwezi wa Oktoba marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, akalazwa mara mbili, madaktari wakaona kwamba moyo umetanuka, na wiki hii akaomba arudishwe nyumbani, ambako amefariki leo alfajiri, baada ya kumuuliza Bi Lamya kama mlango wa chini umefungwa. Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kiponda waliotuletea chakula tangu asubuhi, wafanyakazi wenzake wa zamani, na nyote aliowafelisha mkaja.

Marehemu aliusia azikwe Mpopooni, na watu wa mjini mmekuwa mkiniuliza tangu asubuhi kwa nini tuwaache baba na mama yetu walikozikwa Mwanakwerekwe tumpeleke kule. Pandu na ndugu zake wamelichimba kaburi wenyewe, kando ya mama yao, bila ya kuombwa. Na saa moja iliyopita Bi Bahiya amenipigia simu, akaniambia kwamba yeye na vijana wake wote wako kilimani na bendera zao, chini penye kisima na juu penye minara, na wameyasimamisha magari yote pande zote mbili mpaka tutakapopita.

Kaka yangu Hisham, twende. Hakuna gari lililobaki. Mola wako akupumzishe kwa amani, barabara imefungwa kwa ajili yako.