Nafasi Nyuma ya Uzio wa Kushoto

Punguza redio, Wendell, lakini usiizime. Nataka nijue mrushaji wetu wa besiboli anaendeleaje hata kama mimi mwenyewe naendelea vibaya. Harlan, ondoa koti lako kwenye kile kiti umpishe Marnie akae karibu, kwa maana nitakalosema linamhusu yeye kuliko nyinyi, na sauti yangu mnaisikia ilivyo. Nitegeeni masikio, wanangu wawili, nawe Marnie, binti wa marehemu mke wangu Nadine. Nimekuwa jaji wa mirathi katika kaunti hii hadi nywele zikaniisha, nimeona watu wenye akili timamu wakiacha wosia wa kipumbavu na ndugu wakigombania vijiko mbele yangu, na wangu sitaki uwe hivyo.

Habari ya mali haina urefu. Nyumba hii ni yako, Wendell, kwa sababu wewe ndiye uliyerudi kuishi Mississippi na ndiye unayejua paa linavuja wapi. Msitu wa misonobari ni wako, Harlan, pamoja na chuki ya mzee Stovall, ambaye ameninunia tangu kesi ya mpaka. Mpelekee mbavu za kuchoma, kaa naye barazani, mwache aseme yote aliyonayo, kisha muage kwa adabu. Marnie anayo piano ya mama yake, na alipoulizwa na wakili alisema hataki kingine. Haya yote yameandikwa kwa majina yenu, si kwa neno "watoto", nami nilifanya hivyo kwa makusudi, ili nitakaloliomba sasa lisimpunguzie wala kumwongezea mtu hata jiti moja la msitu. Harlan, wewe ni mwanasheria. Hakikisha umenielewa hapo, maana ukishaelewa huna tena sababu ya kulikunjia uso jambo hili.

Limebaki moja: nafasi yetu nyuma ya uzio wa kushoto, pale uwanja wa besiboli wa chuo. Ni tela la kutazamia mchezo, lenye mabenchi matatu, jiko la kuchomea nyama na turubai lenye tundu. Chuo hakiuzi nafasi zile; huandikwa kwa jina la mtu mmoja, na mtu huyo akifa, humwendea mwenzi wake au mtoto wake, na asipokuwapo, hupewa anayefuata kwenye foleni, foleni ambayo watu wa mji huu huwaandikisha vichanga kabla ya kuwabatiza. Kwa kanuni hiyo anayestahili ni mmoja kati yenu nyinyi wawili, ambao mlikulia Memphis kwa mama yenu na hamjui hata upande jua linakochomea. Asiyestahili ni Marnie, aliyekaa pale nami kila msimu tangu akiwa na miaka tisa.

Jana, Harlan, uliniambia, "Mzee, andika jina langu, nami nitamruhusu aje siku yoyote anayotaka." Hilo ni neno la mtu mwema, na ninakushukuru, na ninalikataa. Sitaki aombe ruhusa ya kuingia mahali alipokulia. Tena msidhani nimesahau ile siku ya maziko ya Nadine, padri alipouliza jaji ana watoto wangapi, nawe ukajibu, "Wawili," Marnie akiwa amesimama nyuma yako na bakuli la viazi. Hukusema uongo, kwa sheria ulikuwa sahihi, na padri hakuuliza swali la pili. Lakini mimi niliona mikono yake ilivyoshika lile bakuli, na tangu siku ile hajakula mezani kwako. Hilo liishe leo, katika chumba hiki, nikiwa bado naweza kuwatazama wote wawili.

Basi swali limebaki tupu, halina mali nyuma yake: je, huyu ni mwanangu? Mnajua sipendi jibu la machozi. Nimesikia watu wengi kizimbani wakisema "nilimpenda kama mtoto wangu" juu ya vikongwe ambao hawakuwahi kuwapelekea hata supu. Upendo ni dai kama madai mengine. Lina ushahidi au halina.

Ushahidi wa kwanza nitauleta, ingawa ni dhaifu. Msimu ule wa mwanzo Nadine alikuwa na zamu za hospitali kila Jumamosi, nami sikuwa na mtu wa kumwachia mtoto, nikaenda naye. Alikaa mwisho wa benchi, kitabu cha maktaba kimemfunika uso, na kila nilipomuuliza kama ana njaa alinijibu, "Hapana, Jaji, asante," kama mshtakiwa aliyeonywa na wakili wake asiseme zaidi. Nyinyi mnajua desturi ya pale: mdakaji wa wageni anayesimama upande wa kushoto hutaniwa na tela zote tangu mpira wa kwanza hadi wa mwisho, kwa jina lake, kwa viatu vyake, kwa mchumba wake, na mchezo ukiisha hulishwa soseji juu ya uzio kama ndugu. Siku hiyo mdakaji alikuwa kijana mrefu, hatikisiki, Purvis wa tela la jirani alikuwa ameishiwa na matusi ya heshima. Ndipo kitabu kikashuka, na sauti ndogo, tulivu kabisa, ikasema, "Kaka! Mama yako yuko getini, amekuletea sweta." Kijana akageuka. Mpira ukamdondokea nyuma ya kisogo, tukapata pointi mbili.

Yule kijana alipokuja kuchukua soseji yake aliuliza, "Ni nani yule aliyemtaja mama yangu?" Purvis akamnyooshea kidole Marnie, akasema, "Huyo hapo, mwanaharamu mdogo kuliko wote. Ana mwenyewe, lakini." Hapo ndipo ushahidi unapogawanyika. Mimi nasema Marnie alijibu, "Baba yangu ni jaji, kwa hiyo huwezi kunishtaki." Marnie anasema hakutamka neno kama hilo, bali mimi ndiye niliyemwekea mkono kichwani nikasema, "Mnisamehe, huyu wangu ana mdomo." Tumebishana juu ya hilo miaka yote, kila mmoja akiapa kwamba mwenzake ndiye aliyeanza. Shahidi pekee asiye na maslahi ni Purvis, na Purvis alikuwa anageuza soseji. Tena ushuhuda wake hubadilika kufuatana na nani amemletea chai ya baridi. Kwa hiyo ushahidi huo nauweka kando. Ninautaja kwa sababu unanifurahisha.

Wendell, ninyanyue kidogo. Hapo. Maji... basi, yanatosha.

Ushahidi wa pili ndio ninaousimamia. Alipokuwa na miaka kumi na mitano nilimwomba nimwasili, awe mwanangu kisheria. Baba yake mzazi, Ray, alikuwa hai, nami sitamsema vibaya. Ridhaa yake ilihitajika, akakataa kuitoa, na ilikuwa haki yake. Lakini hata kabla ya Ray kulikuwa na ridhaa ya Marnie mwenyewe. Ilikuwa Ijumaa, tumekaa jikoni. Alifikiri sana, kisha akaniambia, "Jaji, mimi nina baba. Hafai, lakini ninaye." Nikamwambia nimesikia, nikamshukuru kwa kusema kweli, nikaenda kulala mapema bila kula, jambo ambalo Nadine hakulisahau.

Kesho yake Jumamosi niliamka nikidhani nitakwenda uwanjani peke yangu. Nilipotoka, alikuwa ameshaketi ndani ya gari, kofia kichwani, karanga za kuchemsha mapajani, anasema, "Umechelewa, Jaji, wenzio wameshawasha majiko."

Pimeni hilo, wanangu, kama mnavyopima jiwe mkononi. Nyinyi mlinitembelea kwa amri ya mahakama, wikiendi moja kati ya mbili, nami niliwapenda na ninawapenda. Lakini amri ilikuwapo. Yeye alikuwa amekataa kuwa binti yangu kwa kinywa chake. Hakuwa na wajibu wowote kwangu, wala damu, wala jina, wala amri ya mtu. Akaja. Akaja kwenye baridi ya Februari, akaja siku tuliyofungwa hadi Purvis akazima jiko kwa hasira, akaja akiwa na mimba ya miezi minane na mto wa kukalia, akaja baada ya kumzika mama yake, tukakaa wawili pale hadi mchezo ukaisha. Nimekaa kwenye kiti cha hukumu maisha yangu yote na sijawahi kuletewa ushahidi safi kuliko huo. Ninashukuru. Kama nina neno moja la kuacha duniani, ni hilo: ninashukuru, na sikustahili kwa msingi wowote ninaoujua.

Sasa, Marnie. Ray alifariki msimu wa mapukutiko uliopita, nami nilinyamaza, sikutaka kukimbilia kiti ambacho bado kina joto. Sheria inaruhusu mtu mzima kuasiliwa akikubali mwenyewe. Jumatatu Jaji Coates atakuja hapa kitandani kusikiliza ombi langu. Daktari anasema nitaifikia. Daktari huyo sijamhoji vya kutosha. Nikishindwa kufika, nafasi itakwenda kwa Harlan, na mtaelewana. Lakini jibu nalitaka leo, mbele ya ndugu zako. Ukikataa, nitakushukuru kama nilivyokushukuru jikoni. Safari hii ninayeanza ni mimi, na mashahidi wapo, hatutabishana tena. Nakuomba uwe mwanangu.

Usitikise kichwa. Sema.

...Rudia, Harlan amelisikia nusu.

"Nakubali, Jaji. Ila jina langu sibadilishi."

Nani amekuomba ulibadilishe? Limekaa vizuri. Harlan, umesikia? Usinijibu mimi, mjibu yeye. Mpe mkono... hivyo. Wendell, futa uso, mwanangu, hakuna aliyekufa bado.

Nizikeni kando ya Nadine. Padri asizidishe. Msinichome mkanipeleka uwanjani kwenye chombo cha majivu, kunimwaga kwenye nyasi. Wengine wamejaribu, na mtunza nyasi ana haki zake. Purvis apewe lile jiko, analitamani. Mungu, ambaye nimemdai ushahidi maisha yangu yote na leo naona aibu kidogo kwa wingi wa aliouleta, awaweke nyinyi watatu mezani pamoja, awape watoto wenye midomo, asiwaache... asiwaache mkaishiwa na watu wa kukaa nao.

Sasa nendeni. Redio inasema bado tuna muda wa kuwashinda. Nendeni wote watatu, mkakae pale, Marnie awaonyeshe upande wa jua. Mimi nitasikiliza hapa.

Nendeni, nimesema. Harlan, mlango. Marnie... mbona umekaa?

Ndiyo kwanza nimepata mamlaka juu yako, na amri yangu ya kwanza umeikataa.

Haya. Kaa. Vuta kiti... kaa hapo.