Fundi Rangi Aliyeosha Michoro ya Mwambani

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi waongoza watalii mliokuja na sare zenu za kazi, familia imenikabidhi mimi, binti yake wa mwisho, niwasomee maisha ya baba yetu, na ingawa kila tarehe nimeihakiki kwa mama na kwa shangazi, ile ya mwisho bado inatushinda kuiamini.

Baba alizaliwa tarehe 9 Agosti 1961, mtoto wa tatu wa mpishi wa hospitali na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo leo ni ghala la hoteli iliyo chini ya mwamba. Alianza shule ya msingi mwaka 1969, akahitimu 1975, akaingia sekondari, lakini akiwa kidato cha pili babu akafariki, akaacha masomo, akashika brashi, akawa fundi rangi, na majirani mnajua alivyowasumbua, kwani hakukubali kupaka ukuta wowote kabla ya kuupangusa kwa kitambaa kilicholowa ili aone rangi yake halisi.

Tarehe 2 Mei 1988 aliajiriwa kuongoza watalii kwenye mwamba wenye michoro ya kale, enzi ambazo wageni walikuja mmoja mmoja, na tarehe 17 Desemba mwaka huohuo alifunga ndoa na mama, muuza chai wa pale getini, ambaye husema yeye hakuposwa, alizoeleka tu. Walijaliwa watoto watatu, kaka yetu fundi bomba, dada yetu mwalimu, na mimi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo baba mwenyewe hakupenda lifichwe. Siku moja mgeni alilalamika kwamba michoro imefifia, picha zake hazitoki, na baba, kwa mazoea ya ufundi wake, akaupangusa ukuta kwa kitambaa kilicholowa, watu wa kale wakajitokeza wekundu kana kwamba wamechorwa asubuhi ile, wageni wakapiga makofi, na tangu hapo kila mwongoza watalii akawa anapanda na chupa yake ya maji. Mabasi yakaongezeka, hoteli ikajengwa, sisi watoto tukasomeshwa kwa makofi hayo, na hakuna aliyeona kinachopotea, kwa sababu kila siku kilipotea kidogo.

Tarehe 6 Julai 2018 alirudi mtalii mmoja, mama wa makamo, na picha aliyoipiga ujanani, akitaka kupiga nyingine palepale. Kwenye picha ile walikuwapo watu watano wanaocheza, pamoja na twiga, lakini ukutani walikuwa wamebaki wawili, na twiga hana shingo. Baba alirudi nyumbani mchana, akakaa jikoni bila kuvua viatu, akasema, "Mke wangu, nimeua watu watatu," na mama akakimbilia kufunga mlango kwa komeo kabla hajauliza ni watu gani.

Aliacha maji siku hiyo, akawasihi na wenzake waache, nao wakamjibu, kama mnavyokumbuka wenyewe, "Mzee, unatuzibia riziki, kwani si wewe uliyetufundisha?" naye akasema, "Niliwafundisha kosa, na mmelifaulu vizuri mno." Wageni wake wakapungua, asirudi nyuma.

Mwaka 2019 aligundulika kuwa na shinikizo la damu, akatibiwa hospitali ya wilaya, na mwezi Januari 2024 daktari alimkataza kupanda mwamba. Jumapili tarehe 11 Februari alisikia getini kwamba mabasi mawili yamefika, na kwamba safari hii limepandishwa bomba la mgongoni, lile la kunyunyizia dawa shambani, limejazwa maji. Akapanda. Akawapa mgongo wale wawili waliobaki ukutani, akanyoosha mikono, akasema, "Kama ni maji, nimwagieni mimi." Wageni walidhani ni sehemu ya maonyesho, wakacheka, wakampiga picha, na alipoteleza taratibu akakaa chini waliendelea kumpiga picha, wengine wakampigia makofi, hadi wenzake walipotambua kwamba hapumui. Picha zile zilitufikia kwenye simu kabla daktari hajatuita, na hivyo ndivyo mama alivyojua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea wakajaribu hata pale ambapo hapakuwa na tumaini, majirani mliotupikia na kulala nasi, uongozi wa hoteli uliotoa gari, na kwa namna ya pekee ninyi waongoza watalii, mliombeba mgongoni kwa kupokezana hadi chini. Juzi mlikuja kwa mama kumwahidi kwamba hamtaulowesha tena ukuta ule, akawajibu, "Mnaniahidi mimi, kwani mimi nina kamera? Kawaambieni wageni." Tumesikia kwamba leo asubuhi mmewaambia, basi la kwanza likageuza kwa hasira bila kumlipa mtu, la pili likabaki, na wageni wake wakaitazama michoro vilevile ilivyofifia, ikiwa mikavu.

Baba, wale wawili bado wapo, pumzika sasa kwa amani.