Posa kwa Binti wa Mkoma

Garini, kutoka Wete kwenda Chake Chake, Bi Masika wa Mgogoni aliyekaa kati yangu na mzee Nyange, alimweleza mzee huyo kwamba anakwenda kuvunja posa ya mwanawe. "Mama wa binti alikufa kwa ukoma," alisema. "Ugonjwa umo damuni mwao."

Mzee Nyange akatabasamu. "Mke wangu aliugua huo, Bi Masika. Nimelala naye kitanda kimoja mpaka akafa, nami sina hata baka. Nduguye alikuja sikukuu tu, akaupata."

"Si unaona! Damu moja!" Alinipiga kiwiko kwa furaha, kama kwamba nilikuwa upande wake.

"Lakini dada zao wazima, wana wajukuu. Damu hiyohiyo. Na wanangu wazima." Akamgeukia. "Mwanao anampenda huyo binti?"

"Tangu tupose, anaimba hata akilima muhogo."

Gari liliposimama, Bi Masika alishuka, akauliza soko liko wapi.

"Si unakwenda kuvunja?" nikamuuliza.

"Bado sijui, mwanangu. Lakini nyumbani kwa watu siendi mikono mitupu."