Pembe Nne Ukutani

Mkabala na ofisi ya kusafirisha mizigo kuna benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja ni tofali, na juu yake hukaa watu wanaojua kila kitu isipokuwa wataamkia kazi gani kesho. Yuko Profesa, aliyekuwa tarishi wa shule kwa miaka thelathini, akabeba bahasha za mitihani mpaka elimu ikamwambukiza. Yuko Baharia, ambaye alipanda meli mara moja tu, ikiwa imefungwa gatini, kwenda kukwangua kutu. Na yuko Mama Kahawa mwenye birika, anayewasikiliza kwa sababu hana namna. Asubuhi hiyo wote walikuwa wamemkodolea macho Fundi, mwandishi wa vibao, aliyekuwa juu ya ngazi akipaka ukuta wa ofisi ile. Miezi saba mizima Fundi hakuwa amepata ukuta. Bosi wa mizigo alimpa huu kwa sharti moja: ukipendeza kabla ya saa sita mchana, kuta za matawi mengine yote ni zake. Usipopendeza, ashuke na ngazi yake aende zake.

Maneno yalishakamilika, mekundu, yamenyooka kwa rula: TUNAFIKISHA MIZIGO PEMBE NNE ZA DUNIA. Chini yake Fundi alikuwa amechora dunia ya buluu, duara safi alilolifuatisha kwa beseni la mkewe. Saa nne Bosi akatoka, akainua shingo.

— Pembe ziko wapi?

— Pembe zipi, bosi?

— Si umeandika nne? Mimi hapa naona chungwa. Mteja akizitafuta asizione, atasema sisi waongo.

Akarudi ndani. Fundi akashuka, akaketi ukingoni mwa benchi na kufanya kosa ambalo hata mtoto wa mtaa ule halifanyi. Akaomba ushauri.

— Jamani, hivi kweli dunia ina pembe?

Profesa alikuwa akilisubiri swali la namna hii tangu astaafu.

— Penye wazee haliharibiki neno, kijana. Msemo huu ni wa kale. Watu wa kwanza kuchora ramani waliichora kwenye karatasi. Karatasi ina pembe ngapi?

— Nne.

— Basi. Wakadhani dunia inaishia pale karatasi inapoishia. Msafiri akifika mahali ramani imetafunwa na panya, anageuza anarudi kwao.

— Wewe bahasha umezisoma kwa nje tu, Baharia akadakia. Sisi tuliotembea ndio tunajua. Pembe ni za pepo. Upepo wa kaskazini una mlango wake, wa kusini wake, wa mashariki na wa magharibi vilevile. Nimesimama mwenyewe kwenye mlango wa kusini, kofia nimeishika kwa mikono miwili!

— Kusini ulifika lini?

— Mgeni njoo, mwenyeji apone. Usiniulize tarehe.

Methali hiyo haikuhusu chochote, lakini kijiweni methali hutiwa kama sukari, hata pale kikombe kimeshajaa.

— Tena mengine siwaambiagi, Baharia akaendelea, kwa kuwa hakuna aliyemzuia. Bibi yangu alisema dunia imebebwa na ng'ombe. Pembe ndizo hizo, za ng'ombe.

— Ng'ombe ana pembe mbili, Profesa akamkumbusha.

— Basi wako wawili. Hesabu ndogo hiyo, na wewe msomi mzima!

Fundi akachungulia saa ya ukutani kupitia dirisha la ofisi. Saa tano kasoro.

Hapo akapita bibi mmoja, mwembamba, amekumbatia furushi, akasimama mbele ya ngazi iliyoziba mlango.

— Hodi wanangu. Ofisi ya mizigo ndiyo hii?

— Ndiyo hii, bibi, pita, Fundi akasema, akaenda kumsogezea ngazi.

— Ahsante. Binti yangu kajifungua huko ng'ambo ya mto. Mvua zote hizi, na mtoto hana hata sweta. Nimefuma mbili.

— Hongera, bibi. Ingia, watakuhudumia.

Bibi akaingia. Profesa wala hakumwona, alikuwa ameshafika kwa wafalme.

— Sikilizeni asili yenyewe sasa. Mfalme mmoja alikuwa na wana watano. Wanne wachapakazi, akawagawia dunia, kila mmoja na pembe yake. Wa tano alikuwa mtu wa maneno mengi. Huyo akaachiwa katikati. Ndio sisi.

— Na katikati kuna nini? Fundi akauliza.

— Kuna benchi.

Mama Kahawa akaweka birika chini kwa kishindo.

— Mtamuua mtoto wa watu kwa presha. Aliyesema maneno haya alikuwa anafagia nyumba, na nyinyi hamjui kwa sababu ufagio hamjawahi kuushika. Katikati kila mtu anafagia, maana ndipo mgeni anapopaona. Pembeni ndipo wavivu wanapoparuka. Mtu akikwambia atafika pembe zote nne, anakwambia hakuna mahali atakaporuka. Maana yake ndiyo hiyo, hakuna ng'ombe wala mfalme.

— Sasa nichore ufagio, mama? Fundi akauliza, karibu alie.

— Chora boksi. Hawa si watu wa mizigo? Itie dunia yako ndani ya boksi. Pembe ziwe za boksi, dunia ibaki na uduara wake.

— Boksi lina pembe nane, Profesa akanung'unika.

— Nne ziko nyuma. Kunywa kahawa yako.

Fundi aliipanda ile ngazi karibu aruke. Akapiga mistari minne ya kahawia kuizunguka dunia, akaongeza kamba na fundo juu, na kila pembe akaitia kitone cheupe ili hata mteja mwenye haraka azihesabu. Saa sita kasoro dakika tano Bosi akatoka tena. Akatazama. Akahesabu kwa kidole.

— Hapo sasa! Kesho unaanza tawi la pili. Maneno yaleyale, boksi lilelile.

Fundi akashuka, akarudi kijiweni kwa furaha mpaka akasahau kufunika kopo la rangi. Benchini Profesa alishaanza kueleza kwamba boksi na karatasi ni kitu kimoja, hivyo wazo lilikuwa lake, na Baharia akadai kamba ni mambo ya melini.

Bibi akatoka ofisini. Furushi bado analo.

— Nimeshakwambia, bibi, Bosi akamwambia bila kugeuka, macho yapo ukutani. Ng'ambo ya mto hatufiki. Njia mbaya, tena watu wenyewe wachache.

— Nimesikia, mwanangu.

Mama Kahawa akampisha akae, akampa kikombe. Bibi akanywa funda moja, akainua uso kuelekea zile herufi nyekundu, akafinya macho.

— Kazi yako nzuri, fundi. Macho yangu yamekwisha, sioni ila wekundu. Umeandika nini pale?

Profesa akaanza kuchunguza machicha ya kahawa chini ya kikombe chake. Baharia akainama, akafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imeshafungwa. Fundi akamtazama Bosi.

— Msomee! Bosi akasema kwa majivuno. Kwa sauti, na wapita njia wasikie.

Fundi akaona haya, haya ya kweli, mpaka masikio yakamwaka. Kazi ya matawi yote ilikuwa mkononi mwake, na brashi bado imelowa.

— Tunafikisha mizigo, akaanza, kisha akaishia hapo.

Bibi akaweka kikombe chini upesi. Akalipakata furushi lake vizuri, akamsogelea Fundi amsikie, na uso ukamchangamka.

— Mnafikisha wapi, mwanangu?