Jina la Wakwe

Benchi la nje ya karakana ya Brashi, mchora mabango, lilikuwa na miguu mitatu na tofali, na kila mchana liliwabeba Spana, fundi baiskeli, na Hakimu, kinyozi asiyekubali kushindwa, pamoja na birika lao la kahawa. Siku hiyo Brashi hakukaa. Alipiga magoti mbele ya kitambaa cheupe, akiandika ukaribisho wa wakwe zake kutoka nchi jirani alikoolewa bintiye, pamoja na jina la taifa lao. Walikuwa wanamleta mjukuu wake wa kwanza, naye hakutaka kuaibika mbele yao.

— Hapo umeweka K, — Spana akasema. — Wenyewe kwao wanaandika C.

— Wao walitawaliwa na wengine, — Brashi akajibu. — Wazungu wetu sisi walipenda K.

— Walipenda wapi! Mashine yao ya chapa iling'oka C, karani akaogopa kumwambia bosi. Ndiyo mpaka leo.

— Acha fiksi! — Hakimu akadakia. — Wale mabwana wawili waligombea mwanamke. Huyu akiandika K, yule anaandika C, kumkomoa tu. Hata mpaka wa nchi ulichorwa siku hiyo hiyo kwa hasira.

— Ulikuwepo?

— Kwani wewe uliiona hiyo mashine?

Brashi alicheka nao, lakini cheko halikushuka moyoni. Kwa K au kwa C, jina lile katika lugha ya bibi yake lilimaanisha wezi wa mbuzi, na kila mtu mzima wa mtaa ule alilijua hilo. Bintiye alipoposwa, Brashi alilitamka mezani kwa maana hiyo hiyo, na binti akainuka bila kumaliza chakula. Baadaye alijifariji kwamba ndilo jina lililo kwenye pasipoti zao, yeye afanyeje?

— Vyovyote iwavyo, wa kulaumiwa ni mzungu, — Hakimu akatoa hukumu. — Kuwabandika watu jina, halafu hata kuliandika hajui!

— Hodi hapo, — sauti ikasema nyuma yao.

Alikuwa mama wa mume wa bintiye, amewatangulia wenzake, begi mkononi, mtoto amelala begani. Basi lilikuwa limewahi kufika. Brashi akainuka mbio.

— Karibu, mkwe! Mbona hukupiga simu tukupokee?

— Nimeshakaribia. Endeleeni tu, nilikuwa nawasikiliza. — Akakitazama kitambaa. — Nina swali moja, wazee wangu. Mzungu wa kwanza alipita kwenu, ndipo akaja kwetu. Alikuwa hajatuona bado. Sasa hilo jina, alitajiwa na nani?

Spana akafunua birika, akachungulia ndani. Hakimu akajikuna shingo. Kila mmoja alikuwa na babu, na kila mmoja alijua babu yake angemtajia mzungu jina gani.

Brashi akapiga magoti tena mbele ya kitambaa.

— Nisamehe, mkwe, — akasema. — Ninyi wenyewe mnajiitaje? Nitaandika hilo.

Mama yule hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Brashi zaidi. Alimgeuza mtoto taratibu ili babu yake auone uso.

— Huyu naye ni mmoja wetu, mkwe. Na binti yako ni mmoja wetu. Anakupigia simu kila wiki. Hujawahi kumuuliza tunajiitaje?

— Sijawahi, — Brashi akasema.