Mstari Mwekundu kwenye Mkoba wa Birika

Benchi la pembeni mwa duka la vipuri lina miguu mitatu na tofali moja, na kila siku linabeba uongo mzito kuliko lori. Kona ya kushoto ni ya Soli, fundi viatu, ambaye kwa maneno yake mwenyewe aliwahi kumshonea jongoo viatu miguu yote na hakuna kilichombana. Siku hiyo muuza kahawa, wanayemwita Birika, alikuja na mkoba mpya wa ngozi, birika na vikombe vyote ndani, akautua katikati ya benchi kama anamshusha bwana harusi, akalitoa birika, akawamiminia. Soli aliitambua ile ngozi kabla haijatua. Ilikuwa yake. Aliiharibu mwenyewe miezi miwili nyuma, akaitupa chini ya meza, halafu akaja hapa hapa kuapa kwamba ni ngozi ya kifaru na hajazaliwa mtu wa kuishona.

— Kakushonea nani huu? aliuliza Wembe, kinyozi.

— Dada yake Soli. Kwa cherehani yake ile ya mapazia.

— Acha zako! Gia Tano, dereva wa lori, nusura amwage kahawa. Cherehani ile? Mbona suruali yangu ya jinzi tu iliivunja sindano, na kile kipande hatujakiona mpaka leo?

— Hiyo hiyo.

Gia Tano akashika mkanda upande huu, Wembe upande ule, wakavutana mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Uzi haukulia hata kidogo.

— Nimeshajua, alisema Gia Tano akihema. Yule dada kafunga giaboksi ya lori ndani ya ile cherehani. Ndiyo maana juzi taa za mtaa mzima zilififia.

— Cherehani ya kukanyaga hiyo, bwana, alisema Birika. Haitumii umeme.

— Basi zilififia kwa woga!

— Hamjui kitu nyie, alisema Wembe. Ngozi inaimbiwa. Anaimba mpaka inalegea, inafungua vitundu yenyewe, sindano inapita kama mwenye nyumba. Mimi vichwa vigumu nanyoa hivyo hivyo. Au siyo, Soli? Halafu hii mbona inafanana na ile ya kifaru wako?

Soli akapuliza kahawa iliyokuwa imeshapoa.

— Hiyo ya mbuzi, alisema.

— Mbuzi gani mwenye mgongo mpana kama mlango? aliuliza Wembe.

Birika akajifuta mikono.

— Mimi nilimwona kwa macho yangu. Asubuhi nilimpelekea kahawa. Pini hatumii, maana ngozi ukishaitoboa haifumbi tena, tundu lile ni la maisha. Kabana kingo kwa vibanio vya kuanikia nguo, mkoba umeota meno pande zote. Chini ya mguu wa cherehani, kile kichuma kinachobana kitambaa, kaweka karatasi, ngozi isikigandie. Sasa sikilizeni. Miguu yake kaikunja chini ya kiti, hakanyagi! Gurudumu analizungusha kwa mkono. Tundu moja, anasimama, anatazama. Tundu moja, anasimama, anatazama. Nilirudi mchana, kafika hapa.

Akaonyesha urefu wa kidole.

Hata Gia Tano, mtu wa kuongeza chumvi kwenye bahari, akakipima kidole chake kwenye mshono.

— Na huu mstari mwekundu? Wembe alipitisha kidole kwenye kifuniko. Uzi ulipanda, ukashuka, ukazunguka, kama mto unaotafuta njia.

— Ramani ya hazina, alinong'ona Gia Tano.

Soli alitazama pembeni. Yale matundu aliyatoboa mwenyewe, mkono mmoja sindano, mwingine unawaonyesha wateja urefu wa yule jongoo, yakaenda yalikotaka. Dada yake aliiokota ngozi chini ya meza, na hakuyaficha. Alipitisha uzi kwa mkono tundu kwa tundu, na hakuruka hata moja.

Hapo akafika mwanamke mwenye sare ya uuguzi, hawajawahi kumwona.

— Samahanini, kaka zangu. Ndio mkoba wenyewe huo? Nataka wangu na mstari kama huo. Dada aliyeushona kaniambia kushona atashona, ila matundu hayo hakutoboa yeye. Kasema nije niulize hapa kijiweni. Nani alitoboa?

Wembe akamtazama Gia Tano. Gia Tano akamtazama Birika. Soli angeweza kunyamaza tu, kifaru wake akabaki kifaru.

— Mimi, alisema. Ndiyo ile ngozi ya kifaru, jamani. Haikuwa ya kifaru. Niliikosea nikaitupa.

Alisubiri kicheko. Hakikuja. Wembe alikuwa bado na kidole juu ya uzi mwekundu.

— Basi nawe utanitobolea hivi hivi? aliuliza muuguzi. Utaweza?

Mtu aliyemvalisha jongoo viatu aliinama akautazama ule mstari.

— Sijui, dada yangu. Sijui kama nitaweza kukosea vizuri hivi tena.

Birika akainamisha birika, likatoa tone moja.

— Birika, alisema Soli. Dada alikunja miguu yote miwili?

— Yote.

Soli akakunja yake chini ya benchi. Akakigeuza kikombe kitupu mkononi kama gurudumu, kidogo tu. Akasimamisha mkono. Akakitazama.